Maharage ya Manjano Yalikwenda Wapi

Kankindi alifika kutoka Lilongwe Jumamosi asubuhi, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Léoncie, rafiki yake wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, huko Malawi, alimpokea kwa chai na maandazi. Kankindi akayasifu maandazi, akaulizia afya ya kila mtu mpaka mbuzi wa jirani, ndipo akasema kilichomleta. Binti yake Kaneza anaolewa, naye amekuja kuchukua mbegu.

Léoncie akaingia chumbani akatoka na kidumu cha mafuta ya kula, kile kile alichoachiwa, kimezibwa kwa kitambaa kile kile. Alikuwa anatabasamu. Mtu anayerudisha amana ikiwa salama ana haki ya kutabasamu kidogo.

Kankindi akamimina maharage kwenye ungo, akapuliza majivu yaliyoyakinga na wadudu, akayainamia.

"Hii ni nini?"

"Mbegu yako, Mama Jean-Paul."

"Mi niliacha hii?"

Ungo ulikuwa umejaa maharage madogo meusi. Mekundu yalikuwapo, yenye madoa yalikuwapo kwa shida, na meupe ilibidi uyatafute kwa kidole. Ya manjano, yale manene yanayoiva laini, yalikuwa machache kiasi kwamba kuyaona kulitia uchungu kuliko kutoyaona kabisa.

Sasa ni lazima nieleze mbegu hiyo ilikuwa nini, maana mtu wa mjini atasema maharage ni maharage. Katika ukoo wa Kankindi, huko vilimani Burundi, maharage hayapandwi ya rangi moja. Hupandwa mchanganyiko, rangi zote pamoja, na mama humpa binti yake mchanganyiko huo anapoolewa. Kankindi alipewa na mama yake, Ntirampeba, ambaye naye alipewa na mama yake. Siku ya kukabidhi, mama hutaja mbele ya wanawake majina ya wote ambao mbegu imepita mikononi mwao, na binti huyarudia ili asiyasahau. Kankindi alivuka mipaka na mbegu hiyo kwenye pindo la kitenge. Vyeti vya shule vya watoto vilipotea njiani, maharage yakafika. Akayapanda Dzaleka, kwenye kipande cha shamba alichokodi kwa mwenyeji wa kijiji cha jirani. Kisha mwanawe Jean-Paul akafungua duka Nsungwi, pembezoni mwa Lilongwe, akawachukua mama na dada yake wakakae naye mjini, kwenye kiwanja cha saruji kisichoota hata mchicha. Mbegu ya maharage isipopandwa miaka mingi hufa. Ndipo Kankindi akamwachia Léoncie kidumu na shamba. Panda kila msimu, alimwambia, kula yanayobaki, weka mbegu kwenye majivu, usichanganye na ya mtu mwingine.

Léoncie alifanya hivyo, msimu baada ya msimu, kwa uaminifu wa mwalimu anayesahihisha mitihani.

"Ya jaune iko wapi?" Kankindi aliulizia yale ya manjano, na sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Ile ya mama, manene? Uliuza ku soko, ukanitilia hii nyeusi ya bule?"

"Mi sijauza hata moja. Mungu ananiona."

"Mungu gani, Madame? We njo unafundishaka batoto ya bantu asema tulitoka ku nyani. Mutu wa namna ile atashindwa kuiba maharagi?"

Léoncie alikuwa mwalimu wa biolojia. Alifundisha Bukavu kabla ya vita kumfukuza, na sasa alifundisha sekondari hapo kambini. Watu walikuwa wamempachika jina, Mama Nyani, kwa sababu ya ile sura ya kitabu inayohusu mabadiliko ya viumbe, na jina hilo alilibeba kwa kucheka. Kankindi mwenyewe ndiye aliyelianzisha, na ndiye aliyekuwa akimtetea wengine walipolitumia vibaya. Siku zote alimwita Mama Moïse, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Leo alimwita Madame, na utani ule wa zamani ulikuwa na makali.

Kankindi akarudisha maharage kidumuni, akakitia kwapani, akaondoka. Njia ya kutoka mlangoni kwa Léoncie mpaka kituo cha magari hupita katikati ya soko. Kankindi hakuwa mtu wa kupita sokoni kimya.

Kabla ya jua kuzama, jirani mmoja, Douce, alikuja kuchukua masufuria yake makubwa ya sherehe. Nyumba ya Léoncie ilikuwa na kuta za matofali na mlango wenye kufuli la kweli, basi kila mwenye kitu cha kuogopea alikuwa akikiweka hapo. Palikuwa na cherehani ya mtu, magodoro ya mtu, na hayo masufuria. Douce alisema ameyakumbuka tu, ana kazi nayo. Hakutaja kazi gani. Siku iliyofuata, baada ya ibada, mwenye cherehani naye akaikumbuka. Wote walikuwa na adabu sana. Walishukuru, walisalimia watoto, walibeba vitu vyao wakaenda, na Léoncie akabaki anatazama alama za vumbi sakafuni pale vitu vilipokuwa. Iliuma. Angetukanwa angejua la kujibu, lakini mtu anayekuja kuchukua sufuria lake utamjibu nini?

Jumatatu alifundisha uainishaji wa viumbe. Aliweka mezani maharage meusi, maharage meupe na kunde nyeusi, akawauliza wanafunzi ni zipi zenye undugu wa karibu. Wengi wakaweka harage jeusi pamoja na kunde nyeusi.

"Rangi ni nguo," Léoncie aliwaambia. "Undugu si kufanana nguo. Undugu ni kuuliza, huyu amezaliwa na nani, na yule amezaliwa na nani, mpaka mfike kwa mzazi mmoja. Haya mawili ni aina moja, mzazi wao yuko karibu. Kunde ni binamu. Ukoo ni mmoja, lakini mtapanda vizazi vingi sana kabla ya kumkuta babu wao."

"Na ya manjano, Madame?" sauti ikatoka nyuma. "Yenyewe yalikwenda wapi?"

Darasa zima likacheka. Léoncie akageukia ubao ili wasimwone uso.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha mabadiliko ya viumbe. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kila mwaka: kwamba viumbe wa aina moja hawafanani wote, kwamba watoto hurithi kwa wazazi, kwamba wengine hufa bila kuacha uzao, na kizazi kinachofuata hufanana na wale walionusurika. Alitoa mfano wa ndege wa visiwa vya mbali, wenye midomo mirefu na mifupi, ambao hajawaona maishani. Dirisha la darasa linatazama mashamba. Kama angenyoosha kidole nje angegusa mfano ulio karibu zaidi, lakini kichwa chake siku hiyo kilikuwa sokoni, kwenye midomo ya watu.

Mumewe, Apollinaire, fundi cherehani, alikuwa na dawa yake. Alikuwa anakunja suruali ya mteja, pini mdomoni.

"Mama Moïse, unajisumbua. Enda Lilongwe, nunua ya jaune, nunua ya mweupe, umupelekee. Umuambie uliyakuta ku kidumu ingine. Neno linaisha."

"Hakuna kidumu ingine."

"Njo maana mutu anaitwa muongo kisha anaishi na amani," alisema Apollinaire, akacheka peke yake.

Léoncie alikasirika, lakini Jumamosi alikwenda. Ninamhurumia, sitamtetea. Alishuka Mtandire, mtaa wa Lilongwe, akazunguka sokoni, na alichokiona kilimshangaza ingawa alikuwa amekiona mara nyingi. Wauzaji wa huko hawachanganyi. Kila rundo rangi yake, mekundu peke yake, meupe peke yake, kila moja na jina lake na wateja wake. Akapata ya manjano, manene, mazuri. Muuzaji akamjazia mfuko, akamwambia zikomo, asante ya huko, naye akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka Nsungwi, ameukumbatia mkoba wenye ule uongo kifuani. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya kusema: nimeyakuta, kumbe yalikuwa kwenye kidumu kingine.

Kaneza alimfungulia geti, akamletea kiti bila kumtazama usoni. Kankindi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, kidumu pembeni. Waliamkiana kama watu walioonana kwa mbali kwenye msiba.

Léoncie akafungua mdomo aanze uongo wake. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ungo, kwenye mkono wa Kankindi, na mkono ule ukamnyamazisha. Ulikuwa unakwenda wenyewe. Ulichota, ukatandaza, ukaokota jeupe likaenda kwenye bakuli dogo, ukaokota lenye madoa likafuata, ukasukuma meusi upande wa sufuria, ukaacha machache tu, ukachota tena. Kankindi hakuwa hata anatazama.

"Unafanya nini, Mama Jean-Paul?"

"Naitafutia sura yake. Utanipa sura yake we?"

"Hapana, nauliza. Njo unafanyaka hivi kila mara?"

Kankindi alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza maji yanachotwaje.

"Mbele ya kupanda, njo hivi. Ya jaune ikitoka kidogo ku mavuno, unaongeza ku mbegu. Nyeusi ikijaa sana, unapeleka ku chungu. Unairudishia. Mwanamuke yeyote anafanyaka hivi."

"Hukuniambia."

Mkono ukasimama.

"Sikukuambia nini?"

"Kurudishia. Uliniambia majivu. Uliniambia wakati ya kupanda. Uliniambia nisichanganye na ya mutu. Hii hukusema hata siku moja."

"Ni ya kusema? Mama yako hakukuonesha?"

"Mama yangu alikuwa anauza vitenge ku soko ya Kadutu," Léoncie akasema. "Maharagi tulikuwa tunanunua."

Kaneza, aliyekuwa anajifanya kufagia, aliacha kufagia.

Ndipo Léoncie akaliona lote kwa mpigo, kiasi kwamba alishika kichwa. Akateremka kutoka kitini akakaa mkekani, jambo ambalo hakuwa amealikwa kulifanya, akavuta ungo katikati yao.

"Tazama. Ya jaune ni manene, inachelewa, inataka mvua mpaka mwisho. Kule Dzaleka mvua inakatikaka wakati maua iko inatoka. Ya jaune inazaa kidogo. Nyeusi ni ndogo, iko na haraka, mvua ikikatika yenyewe imekwisha kuzaa. Basi ku mavuno nyeusi inazidi kidogo. Mi nachota mbegu ku rundo, sitazami, nasema nisiguse kitu ya mutu. Msimu unaofuata naanza na nyeusi imezidi tayari. Na jua inaongeza tena. Kidogo, kidogo. Mi nilikuwa naona kila msimu, njo maana sikuona. We ulikuwa mbali, ukaona siku moja."

Kankindi aliokota harage jeusi, akalizungusha kati ya vidole.

"Kwa hiyo ilijifunza jua. Ya jaune ikageuka nyeusi."

"Hapana!" Léoncie alisema kwa sauti ya darasani, akajizuia. "Hapana, mama. Hakuna hata moja iligeuka. Hakuna ilijifunza. Hii nyeusi ilikuwa nyeusi tangu kwa mama yako. Ilitoka naye Burundi, ilikuwa ku pindo la kitenge yako. Ilikuwa kidogo tu, imejificha kati ya zingine. Ni hesabu yao njo ilibadilika. Jua lilikuwa linachagua, na hakuna mutu alikuwa pale ya kulikatalia. We njo ulikuwaka unalikatalia."

"Mi?"

"Mukono yako. Na ya mama yako, na ya mama yake. Jua inavuta huku, nyinyi munavuta kule. Mi niliacha jua livute peke yake."

Kankindi alirudisha lile jeusi kwenye ungo. Alijitazama viganja, akavigeuza. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa Kichewa. Léoncie alijua hajashinda kesi. Alikuwa amesema ukweli tu, na alikuwa ameona mara nyingi darasani kwamba ukweli hausikiki kwa sababu tu umesemwa vizuri.

"Yampayinka," Kankindi alishangaa kwa Kirundi, taratibu. "Nilikuwa najua ile ni maharagi ya mama. Kumbe nusu yake ilikuwa mukono ya mama."

Macho yake yalikuwa na maji. Hapo Léoncie akaona hawezi kuendelea kukaa mkekani kwa mtu huyu akiwa na ule mfuko kwenye mkoba. Akautoa, akaufungua. Maharage ya manjano ya Mtandire yakamwagika kwenye bakuli.

"Nilikuja kukudanganya," alisema. "Nilikuwa nitasema niliyakuta."

Kankindi akayachota, akayanusa, akayaangalia kwenye mwanga wa mlango.

"Ningejua?"

"Sijui. Pengine hapana."

"Unaona? Ni manene, ni ya jaune, na haiko ndugu yetu hata kidogo." Akamwita binti yake. "Kaneza! Tia hii ku moto. Mugeni atakula na nsima."

Wakayala maharage ya uongo na ugali huo, wote watatu, na Kankindi akasema hayana ladha, akaongeza mara mbili.

Walipokuwa wananawa, akauliza bila kumtazama Léoncie, "Na ile ya nyani?"

"Nyani si babu yetu, Mama Jean-Paul. Ni binamu. Kama kunde na maharagi. Babu wetu wote ni mwingine, wa zamani sana, alishakufa."

"Mm." Kankindi alikung'uta mikono. "Pasteur asikusikie. Lakini binamu nitavumilia. Hata mi niko na babinamu babaya."

Hakuomba radhi. Hakusema atakachowaambia watu. Léoncie alitamani kumwambia, nisafishie jina, ulilichafua kwa sauti kubwa, lisafishe kwa sauti hiyo hiyo. Hakuthubutu, na pia alikuwa na kiburi chake. Akarudi Dzaleka ameeleweka na mtu mmoja tu, na huko kambini hakuna aliyejua. Wiki ile magodoro nayo yaliondoka.

Sherehe ya kumkabidhi Kaneza mbegu ilifanyika uani kwa kanisa la kambini, siku moja kabla ya ndoa. Léoncie alikaribia kutokwenda. Apollinaire ndiye aliyemnyooshea nguo, akamwambia mtu asiyeiba hukaa mbele. Alikwenda akakaa nyuma. Wanawake walikuwa wengi, Warundi kwa Wakongomani, na benchi alilokaa lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Kankindi akasimama na kikapu. Alipokifunua, shingo zilinyooka, kwa maana kila mtu alitaka kuona amepata wapi mbegu nyingine. Hakuwa amepata. Yalikuwa yale yale meusi, na rangi nyingine zimetawanyika ndani yake kwa uchache. Minong'ono ikapita. Hakuwa ameirudishia.

"Kaneza," Kankindi alisema, "hii ni mbegu. Baranyikwa alimupa Ntirampeba. Sema."

"Baranyikwa alimupa Ntirampeba," Kaneza akasema.

"Ntirampeba alimupa Kankindi, mi mama yako. Sema."

Kaneza akasema. Hapo ndipo maneno huishia siku zote, na mama hunyoosha kikapu. Wanawake wakajiandaa kupiga vigelegele. Kankindi hakunyoosha. Alikuwa anatafuta kwa macho, benchi kwa benchi, mpaka akafika nyuma.

"Kankindi alimupa Léoncie," alisema, kwa sauti ile ile iliyopita sokoni. "Mukongomani wa Bukavu, asiyejua kulima. Mi nilimunyima akili ya kuirudishia, kisha nikamuita mwizi. Yeye hakuongeza, hakupunguza. Alipanda ku jua ya hapa, na jua ya hapa ilichagua hii. Haya meusi yalikuwa kwa mama, tukiyapeleka ku chungu. Leo njo yametufikisha. Kaneza, usiyapunguze mpaka ujue shamba lako linataka nini. Sema: Kankindi alimupa Léoncie. Léoncie alimupa Kaneza."

"Kankindi alimupa Léoncie," Kaneza akasema. "Léoncie alimupa Kaneza."

Léoncie hakuwa na binti. Kwao mbegu ilikuwa kitu cha kununua kwa bakuli. Sasa jina lake lilikuwa limewekwa kwenye mstari wa wanawake waliolala vilimani Burundi, wasiojua lugha yake wala uso wake, na watoto wa Kaneza wangelitamka bila kujua lilitokea wapi. Alilia waziwazi, kamasi na vyote, hakutafuta hata leso.

"Mama Moïse, unakalia nini kule?" Kankindi akaita. "Kikapu hiki unamupa Kaneza we. Jina lako njo la mwisho."

Akapita katikati ya mabenchi, akakipokea kikapu mkononi mwa Kankindi, akakiweka mkononi mwa Kaneza. Vigelegele vikapanda. Aliporudi nyuma, Douce alikuwa amehamia benchi lake. Alikuwa anavuta vuta pindo la kitenge chake.

"Ile masufuria," alinong'ona Douce bila kugeuka. "Kwangu nyumba ni ndogo. Kesho nikiyaleta?"

Léoncie akafuta uso kwa kiganja.

"Leta," alisema. "Nafasi iko."